Niliwafundisha Kuhesabu Mapigo, Sikuwafundisha Kupima Kazi

Naungama. Kwa miaka mingi hapa Chapwa nimewafundisha watu jambo lisilo la kweli kuhusu kompyuta, tena kwa sauti ya mtu asiye na shaka. Nilisema kwamba ukitaka kujua kompyuta ipi ina kasi, tazama namba ya megahezi au gigahezi ya prosesa yake. Yenye namba kubwa ndiyo yenye kasi, na mjadala umekwisha. Wanafunzi waliyaandika maneno hayo kwenye madaftari yao. Wazazi waliyaamini wakatoa fedha. Nilipokuja kuona kwa macho yangu kwamba nimekosea, sikusema. Asiyejua huelekezwa, na watu humsamehe. Mimi nilijua, nikanyamaza, na kwa ajili ya ukimya huo ninaandika leo.

Chapwa ni kata ya Halmashauri ya Mji wa Tunduma, mkoani Songwe, karibu kabisa na mpaka wa Zambia. Maisha yetu yanategemea barabara kuu itokayo Dar es Salaam, malori yanayosubiri kuvuka kwenda Nakonde, mahindi, maharage na biashara za dukani. Watu wa hapa wanajua hesabu. Mama anayeuza nafaka anabadilisha kwacha kwa shilingi kichwani kabla mteja hajamaliza kuuliza bei. Lakini kompyuta ilipoingia kwenye maisha yao, walijiona wageni, wakatafuta mtu wa kuwaongoza. Nilikuwa na chumba cha kufundishia, mashine chache na ubao mweupe. Mtu alikuwa akija na karatasi iliyoandikwa sifa za kompyuta aliyotajiwa Kariakoo, ananikabidhi na kuniuliza, "Mwalimu, hii ina nguvu?" Nilitafuta gigahezi, nikaitazama, nikamjibu. Jibu langu halikuchukua hata dakika moja, na yeye aliondoka akiwa ameshaamua.

Imani hiyo niliijenga darasani. Somo langu la kwanza kwa kila kundi jipya lilikuwa historia ya kompyuta za nyumbani, zile zilizowafikisha watu wa kawaida wa Marekani na Ulaya kwenye kibodi kwa mara ya kwanza. Nilichora jedwali ubaoni. Apple II ya mwaka 1977, megahezi 1. ZX81 ya mwaka 1981, megahezi 3.25. BBC Micro ya mwaka huohuo, megahezi 2. ZX Spectrum ya mwaka 1982, megahezi 3.5. Commodore 64, nayo ya mwaka 1982, megahezi 1 hivi. Kisha nilizipanga: Spectrum ya kwanza, ZX81 ya pili, BBC Micro ya tatu, na zile mbili za megahezi 1 mkiani. Nilisema kwamba Spectrum ilikuwa na kasi zaidi ya mara tatu ya Commodore 64, na nikapigia mstari.

Jedwali lile lilikuwa na ushahidi wa kutosha wa kunisuta mimi niliyelichora. Kwa mpangilio wangu, ZX81 iliishinda BBC Micro. ZX81 ilikuja na kilobaiti 1 tu ya kumbukumbu, bila rangi wala sauti. Iliuzwa chini ya pauni 70 kwa sababu mtengenezaji wake aliondoa kila kitu kilichoweza kuondolewa, hata chipu ya kuchora picha. Kazi ya kuchora ilibaki kwa prosesa yenyewe. Mashine ikionyesha picha, sehemu kubwa ya muda wa prosesa, karibu robo tatu, iliishia kwenye kuitunza picha hiyo, na programu ya mtumiaji ikaambulia kilichobaki. Mtumiaji aliyetaka kasi yote aliweka hali ya haraka, na hapo skrini ilizimika mpaka hesabu ikamilike. Mashine hiyo ndiyo niliyoiweka juu ya BBC Micro, ambayo prosesa yake haikubebeshwa mzigo wa namna hiyo.

Siku moja binti wa kidato cha tatu, msikivu sana, aliinua mkono. Alikuwa amesoma jambo hilo kwenye simu ya kaka yake. Alisimama akaniuliza kwa heshima, "Samahani, mwalimu. Kama ZX81 inaishinda BBC Micro, kwa nini ikitaka kupiga hesabu haraka inazima picha?"

Swali lilikuwa sahihi kabisa. Nilipaswa kusema, "Sijui, tukatafute wote." Badala yake nilimwambia akae, nikasema namba haidanganyi. Wenzake walicheka. Nilimwona akiinamisha uso. Tangu siku ile aliendelea kuja na kuandika, lakini hakuuliza tena. Nimeharibu mambo mengine kwa ushauri wangu, ila hili naliweka mbele ya yote, kwa sababu mashine mbovu hubadilishwa, na mtoto aliyefunzwa kuogopa kuuliza ni kazi ngumu kumrudisha.

Sasa niseme ukweli ambao ningepaswa kuusema siku ile.

Prosesa hufanya kazi kwa kufuata mapigo ya saa iliyomo ndani ya kompyuta. Megahezi 1 ni mapigo milioni moja kwa sekunde. Namba hiyo ni ya kweli, lakini inaeleza idadi ya mapigo tu. Haisemi kazi kiasi gani inakamilika katika kila pigo. Bodaboda inaweza kwenda na kurudi sokoni Tunduma mara nyingi huku ikibeba gunia moja moja, na Fuso ikaenda mara moja na mzigo wote. Anayehesabu safari ataisifu bodaboda. Mwenye mahindi atahesabu magunia yaliyofika.

Ndani ya Commodore 64 kulikuwa na prosesa ya ukoo wa 6502. Chipu ya 6502 ilitolewa mwaka 1975 na kampuni ya MOS Technology, na timu yake iliongozwa na Chuck Peddle. Shabaha yao ilikuwa bei. Waliiuza kwa dola 25, wakati prosesa za washindani zilikuwa zinauzwa kwa zaidi ya dola 100. Ili kufika hapo waliipunguza: transista kama 3,500 hivi, na rejista tatu tu za kufanyia kazi, yaani vijisanduku vya kuwekea namba ndani ya prosesa. Lakini waliipanga ili iguse kumbukumbu katika kila pigo, na maagizo yake mengi huisha kati ya mapigo 2 na 7.

Ndani ya Spectrum kulikuwa na Z80 ya kampuni ya Zilog, iliyotoka mwaka 1976. Aliyeanzisha wazo la chipu hiyo ni Federico Faggin, mhandisi aliyekuwa ameongoza utengenezaji wa chipu ya 4004 kule Intel. Z80 ina transista kama 8,500, rejista nyingi na maagizo mengi zaidi. Inaweza pia kuihuisha kumbukumbu ya bei nafuu, ile inayosahau isipokumbushwa kila mara, bila kuhitaji vipande vya ziada. Utajiri huo una gharama yake. Kulichukua agizo tu kutoka kwenye kumbukumbu kunakula mapigo 4, kusoma baiti moja kunachukua mengine 3, na maagizo mazito huzidi mapigo 20.

Hebu tupige hesabu ambayo sikuwahi kuipiga ubaoni. Tunataka kuingiza namba ndogo kwenye rejista kuu. Prosesa ya 6502 inatumia mapigo 2. Kwa megahezi 1, hiyo ni sehemu 2 za milioni za sekunde. Z80 inatumia mapigo 7. Kwa megahezi 3.5, nayo ni sehemu 2 za milioni za sekunde. Zimefika pamoja. Sasa tuisome baiti kutoka mahali popote kwenye kumbukumbu. Ya 6502 inahitaji mapigo 4, yaani sehemu 4. Z80 inahitaji mapigo 13, yaani sehemu 3.7. Tofauti ni ndogo mno. Ile "mara tatu" niliyoipigia mstari haionekani popote hapa.

Lakini nisije nikarudia kosa kwa upande wa pili. Tukijumlisha namba mbili kubwa za biti 16 zilizokwisha kuwekwa kwenye rejista, Z80 inamaliza kwa mapigo 11, kama sehemu 3 za milioni za sekunde. Ya 6502 haina rejista za ukubwa huo. Inakata namba vipande viwili, inavichukua kutoka kwenye kumbukumbu na kuvirudisha, na inatumia mapigo kama 20, yaani sehemu 20. Hapo Spectrum inashinda wazi. Kwa hiyo anayeniuliza leo kati ya hizo mbili ipi ina kasi, namuuliza kwanza: kwa kazi gani?

Jambo lililonifungua macho zaidi ni kumbukumbu. Prosesa ya 6502 kwa megahezi 1 inagusa kumbukumbu mara milioni moja kwa sekunde, mara moja kila pigo. Z80 kwa megahezi 3.5 inaigusa mara moja katika kila mapigo matatu au manne, na ukigawanya unapata karibu mara milioni moja kwa sekunde. Mashine mbili zenye namba zinazopishana zaidi ya mara tatu zilikuwa zinachota kumbukumbu kwa mwendo unaokaribiana. Sababu ni kwamba wahandisi wa pande zote mbili walinunua chipu za kumbukumbu kwenye soko moja, za kizazi kimoja, kwa bajeti finyu. Mipaka ya kompyuta zile iliwekwa na kasi ya kumbukumbu na bei yake, na prosesa ikaja kujipanga ndani ya mipaka hiyo. Mimi nilikuwa nimeitazama prosesa peke yake kana kwamba inafanya kazi hewani.

Kisha kuna picha. Kompyuta zile nyingi ziliunganishwa na televisheni ya sebuleni, na televisheni haisubiri. Mara 50 au 60 kwa sekunde, kutegemea nchi, lazima ipelekewe picha, na picha inasomwa kutoka kwenye kumbukumbu ileile ambayo prosesa nayo inaihitaji. Kila mbunifu alilazimika kuamua nani apite kwanza. Steve Wozniak, kwenye Apple II, alitumia tabia ya 6502 ya kuhitaji kumbukumbu katika nusu tu ya kila pigo. Nusu iliyobaki akaipa picha, na kusoma kule kwa picha kukawa kunaihuisha kumbukumbu papo hapo. Commodore 64 ilifuata njia ya kugawana vilevile, ila kwenye baadhi ya mistari ya skrini chipu yake ya picha iliisimamisha prosesa kwa mapigo kama 40 ili ijichukulie data. Kwenye Spectrum, prosesa ikitaka kuingia kwenye sehemu ya kumbukumbu yenye picha wakati skrini inachorwa, husubirishwa. BBC Micro ililipia kumbukumbu yenye kasi zaidi, ikaigawa sawasawa kati ya picha na prosesa iliyokwenda kwa megahezi 2 kamili. Ndiyo sababu mojawapo ya bei ya toleo lake kubwa kuzidi pauni 300, wakati Spectrum ndogo iliuzwa kwa pauni 125.

Na kazi zenyewe hazikugawanywa kwa namna moja. Commodore 64 ilikuwa na chipu ya picha yenye uwezo wa kubeba vikaragosi 8 vinavyotembea juu ya mandhari, na chipu ya sauti yenye sauti 3. Prosesa ilitoa agizo, chipu nyingine ikatenda. Kwenye Spectrum ya mwanzo, kila kikaragosi kilichotembea kilifutwa na kuchorwa upya na prosesa yenyewe, na mlio ukitoka, ni prosesa iliyokuwa inautoa. Mapigo mengi ya Spectrum yalikuwa na majukumu mengi. Hakuna aliyekosea kati ya wabunifu hao. Mmoja alitaka familia yenye kipato kidogo iweze kununua, mwingine alitaka michezo yenye picha nzuri, mwingine alitaka mashine ya kufundishia shuleni. Kila mmoja aliacha kitu ili apate kingine. Nilipoyafuta yote hayo nikabakiza namba moja, niliwanyima wanafunzi wangu sehemu yenye elimu, nikawapa lebo.

Nimejiuliza kwa nini niliridhika na lebo. Sehemu ya jibu iko kwenye historia yetu. Tanzania ilipata kompyuta mapema. Ya kwanza ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Lakini mwaka 1974, baada ya jitihada za kuziingiza hesabu za serikali kwenye kompyuta kwenda mrama, serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, ila Tanzania Bara ilisubiri hadi mwaka 1994 kuona kituo chake cha kwanza. Miaka ambayo mtoto wa London alikuwa anaichomeka Spectrum kwenye televisheni ya mama yake, nyumba za huku hazikuwa na kompyuta wala televisheni ya kuichomekea. Kizazi changu hakikuwahi kukaa mbele ya mashine zile, kuzingoja, kuchoshwa nazo na kujua ipi inakwama wapi. Tulizifahamu kwa majedwali.

Hiyo ni sababu; siifanyi kuwa udhuru. Mimi mwenyewe nilikuwa na kompyuta za kisasa za kutosha kujaribia. Ningeweza kuziweka mbili juu ya meza, nikafungua faili lilelile na kutazama saa. Hakuna aliyenizuia.

Gharama ya kosa langu ilikuja wazazi wa mtaa walipochangishana fedha ili watoto wapate chumba cha kujifunzia kompyuta. Walinipa jukumu la kuchagua mashine zilizotumika. Kulikuwa na aina mbili kwa bei moja. Za kwanza zilikuwa na Pentium 4 ya gigahezi 3.0. Za pili zilikuwa na Core 2 Duo ya gigahezi 1.86. Mzazi mmoja, mama anayeuza mahindi, aliniuliza, "Mwalimu, hizi mbili zinatofautiana nini?" Nikamjibu, "Mama, hii ni tatu, ile haifiki hata mbili. Chukueni yenye tatu." Alinishukuru. Wakachukua yenye tatu.

Ningekuwa nimelielewa somo langu mwenyewe la Spectrum na Commodore, nisingesema hivyo. Pentium 4 ilitolewa mwishoni mwa mwaka 2000, na muundo wake ulilenga namba kubwa ya mapigo. Ili kuipata, agizo moja liligawanywa katika hatua nyingi fupi: 20 mwanzoni, na 31 katika toleo la mwaka 2004. Hatua zikiwa fupi, saa inaweza kupiga haraka. Lakini programu zimejaa njia panda, za "kama hivi, fanya hivi", na prosesa hulazimika kukisia njia kabla ya kuijua. Ikikisia vibaya, kazi iliyokwisha kuingia kwenye hatua hizo hutupwa na kuanzwa upya, na kadiri hatua zilivyo nyingi ndivyo hasara inavyokuwa kubwa. Joto nalo lilipanda. Matoleo ya gigahezi 3.0 ya mwaka 2004 yalihesabiwa kutoa zaidi ya wati 80. Mwaka huohuo Intel ilifuta mpango wa mrithi wake. Core 2 ya mwaka 2006 ilirudi kwenye hatua 14, ikafanya kazi nyingi zaidi katika kila pigo, ikaweka viini viwili ndani ya chipu moja, na ile ya gigahezi 1.86 ilipangiwa wati 65. Namba ilishuka, kazi ikapanda.

Kwenye chumba cha watoto matokeo yalionekana upesi. Feni zilivuma hadi nikalazimika kupaza sauti. Kiangazi chumba kilipata joto na madirisha yakafunguliwa, vumbi la barabarani likaingia. Umeme ulipokatika na tukawasha jenereta ndogo, haikuweza kuzibeba mashine zote, na watoto wakakaa watatu watatu. Baadaye kijana mmoja wa mtaani aliyekuwa amenunua zile za gigahezi 1.86 aliniita nimsaidie kuweka programu. Nilifungua kwake jedwali lilelile la hesabu tulilokuwa tunalitumia darasani. Lilifunguka haraka kuliko kwetu, na mashine ilikuwa kimya. Nilisimama pale nikaelewa kila kitu.

Nilirudi darasani nikanyamaza. Nilijiambia kwamba fedha imeshatumika, kwamba kusema kutavunja imani ya wazazi, kwamba hata hivyo watoto wanajifunza. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyokuwa sababu ya kweli. Niliogopa kuonekana sijui. Na kwa sababu nilinyamaza, waliendelea kuja na karatasi zao, nami niliendelea kutaja gigahezi, safari hii nikijua. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Maradhi yangu yaliwaumiza wengine kabla ya kunifikia mimi.

Baadaye niligundua kwamba sikuwa peke yangu katika kuiabudu namba ile, na jambo hilo halikunifariji. Wanunuzi duniani kote walikuwa wanauliza swali lilelile, ni megahezi ngapi, kiasi kwamba mwaka 2001 kampuni ya AMD iliamua kuziita prosesa zake kwa namba nyingine. Athlon XP 1800+ ilikuwa na mapigo ya gigahezi 1.53 tu, na jina lake liliwekwa ili mnunuzi asiidharau. Kampuni zilitengeneza namba kubwa kwa kuwa namba kubwa ilinunuliwa. Kila mwalimu, kila muuzaji na kila mshauri aliyesema "tazama gigahezi" alichangia. Sauti yangu ilikuwa ndogo na imetoka kata ya mpakani, lakini ilikuwa sehemu ya kelele hiyo.

Katika historia ileile wapo waliouliza swali sahihi. Pale Cambridge, Uingereza, kampuni ya Acorn iliyotengeneza BBC Micro ilitafuta prosesa mpya ya kuchukua nafasi ya 6502. Sophie Wilson na Steve Furber walizipima zilizokuwepo wakaona kwamba hazikitumii vizuri kile ambacho kumbukumbu inaweza kutoa. Hawakuvutiwa na mapigo. Waliangalia data inayopita. Wakabuni ya kwao, yenye maagizo machache na rahisi. Chipu ya kwanza ya ARM ilifanya kazi mwaka 1985 ikiwa na transista kama 25,000 tu, na ilitumia umeme kidogo sana. Leo ukoo wa chipu hiyo uko ndani ya simu inayopokea pesa kwenye kibanda cha wakala hapa Chapwa, na ndani ya karibu kila simujanja inayouzwa Tunduma na Nakonde. Swali nililomkataza binti yule kuliuliza ni la aina hiyohiyo: mashine inafanya nini na muda wake, na inamtumikia nani?

Nimekwenda kwa wazazi waliochanga. Nimewaambia kwamba nilichagua vibaya, kwamba hawakukosea wao kwa kuniamini, na kwamba nilijua mapema kuliko nilivyosema. Mama yule muuza mahindi alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia, "Ungesema siku ileile, mwalimu, tungezibadilisha." Sina la kujibu. Ni kweli tupu. Binti yule nimemtafuta nikamwomba radhi mbele ya mama yake, kwa kuwa nilimwaibisha mbele za watu. Jedwali bado nalifundisha, ila nimeliongezea safu: kumbukumbu ina kasi gani, nani anachora picha, bei ilikuwa kiasi gani, mbunifu aliacha nini. Safu ya megahezi ipo, na ni ya mwisho.

Kwenu ninyi mnaotaka kununua kompyuta au simu, hapa Songwe au popote mlipo, naomba mfute nilichowafundisha. Msilinganishe gigahezi za prosesa za koo tofauti wala za vizazi tofauti. Namba hiyo inasaidia kidogo pale tu prosesa mbili zinapokuwa za muundo mmoja. Ulizeni prosesa ni ya mwaka gani na ina viini vingapi. Ulizeni RAM, yaani kumbukumbu, ni kiasi gani, na kama diski ni ya SSD au ile ya zamani inayozunguka, kwa sababu kwa kazi nyingi za ofisini na shuleni kinachowachelewesha ni hivyo viwili. Ulizeni inakula umeme kiasi gani, hasa mnaotegemea jenereta au sola. Kisha wekeni faili lenu wenyewe kwenye flashi, nendeni nalo dukani, lifungueni kwenye kila mashine mnayoonyeshwa, na tazameni saa kabla hamjatoa hata shilingi.

Na ninyi niliowafundisha, mliosambaa Vwawa, Mbeya, Dar es Salaam na ng'ambo ya mpaka: daftari langu lina kosa. Mkimsikia mtu anarudia kwamba namba kubwa ndiyo kasi, msahihisheni kwa upole, na mwambieni kwamba mwalimu aliyewafundisha hivyo amekiri kwamba si kweli. Na mwanafunzi wenu akiinua mkono kuuliza, msikilizeni mpaka amalize.